Funda la Wakesho

Wakesho hakuwa mtu mbaya. Naanza na hilo kwa sababu watu wa mlimani kwetu Mbololo wakimtaja huanza na kijicho chake, na wengine hawafiki mbali zaidi ya hapo. Alikuwa na akili kuliko sisi wote tuliosoma naye, alikuwa mcheshi, na sauti yake ukiisikia kwenye simu ulisahau ulichotaka kusema. Lakini mwenzake akipata kizuri, roho ilimuuma kweli, kama jino bovu. Wala hakuweza kuficha. Uso ulibadilika, pua ikapanuka, na mikono ikaanza kupanga vitu vya mezani ambavyo hakuna aliyeomba vipangwe.

Na aliyemuuma kuliko wote alikuwa Tryphena.

Hao wawili walikuwa watoto wa ndugu wawili, na kwetu huyo ni dada yako, hakuna cha binamu. Baba yake Wakesho alifariki mapema, basi Wakesho akalelewa nyumbani kwa baba yake mkubwa, Mzee Mwandawiro, ambaye ndiye baba mzazi wa Tryphena. Walilala kitanda kimoja na kwenda shule njia moja. Kila mtihani Wakesho alikuwa wa kwanza, naye Tryphena alikuwa pale katikati, hasifiwi wala hachapwi. Kwa hiyo Wakesho alikua akidhani kwamba dunia imepangwa hivyo: yeye mbele, Tryphena nyuma yake kidogo.

Mwaka wa 1968 walimaliza shule, na majibu yakaja. Wakesho alipata nafasi katika chuo cha ualimu. Tryphena alichukuliwa kusomea uuguzi Mombasa. Sasa mtu anieleze ubaya ulikuwa wapi. Mwalimu siku zile alikuwa mtu mkubwa. Wazee walimvulia kofia, na mwenye duka akamletea kiti. Mlima mzima ulikuja kumpongeza Wakesho, naye alipokea pongezi vizuri tu, mpaka jioni shangazi yao mmoja wa Voi alipopanda na zawadi ya Tryphena: viatu vyeupe vya kazi, vya kamba, vipya. Vikawekwa juu ya sanduku la Tryphena pale sebuleni, kila mgeni akavishika. Ualimu haukuwa na viatu vyake. Wakesho aliviangalia viatu vile siku nzima iliyofuata, na nikamwona akipanga vijiko.

Kwetu mtu haendi safari kubwa kabla ya kutaswa. Wazee wetu waliamini kwamba kinyongo kilichofichwa moyoni mwa ndugu kinaweza kumfungia mtu njia, kikamtia ugonjwa au kikamwangusha kwenye mtihani. Basi ndugu hukusanyika, kila mmoja anasema alicho nacho moyoni juu ya yule msafiri, anachukua funda la kinywaji, halafu analipuliza nje kwa nguvu, kinyongo kitoke nalo. Zamani kilikuwa pombe ya miwa. Mzee Mwandawiro alikuwa mzee wa kanisa, kwa hiyo yeye alitumia maji ya miwa yaliyokamuliwa asubuhi ileile, kabla hayajapata muda wa kuwa dhambi. Mchungaji alijua, akaamua kutojua.

Sharti lake ni kusema kweli. Unaweza kusimama ukasema, nilikukasirikia kwa sababu ya yule mbuzi, watu wakacheka, ukapuliza, yakaisha. Kusema huna neno na huku unalo, hiyo ni hatari. Na kumeza ni hatari zaidi, maana unakipeleka ndani kitu kilichotakiwa kutoka.

Siku ya Tryphena kuondoka tulisimama nje ya nyumba, lori la kumshusha Voi likingoja njiani. Zamu ya Wakesho ilipofika alisema, "Mimi sina neno na dada yangu. Aende salama." Akachukua funda. Mashavu yakajaa. Macho yake yalikuwa kwenye viatu, Tryphena alikuwa amevivaa tayari. Hapo dereva akapiga honi, watu wote wakageuka kuangalia njiani, na Wakesho akameza. Alipangusa mdomo kama mtu aliyekwisha kupuliza, akampa jirani kikombe.

Mimi niliona koo likipanda na kushuka. Nikajiambia labda nimeona vibaya.

Chuo cha ualimu hakikumkaa moyoni. Likizo ya kwanza Tryphena alirudi na picha aliyopigwa studio Mombasa, yuko ndani ya yunifomu, kofia kichwani, mikono imekunjwa mbele. Likizo ya pili mtoto wa jirani alishikwa na degedege, na wakamkimbilia Tryphena, si Wakesho. Wakesho alikuwa amekaa palepale mlangoni. Hakuna aliyemtazama. Muhula uliofuata aliacha chuo, akaenda kuomba uuguzi, na wakamwambia kwamba nafasi zimejaa, tena mtu aliyekimbia chuo kimoja atakimbia na kingine. Akarudi mlimani akiwa si mwalimu wala si nesi. Mzee Mwandawiro hakumgombeza. Ingekuwa mimi ningemgombeza.

Halafu kukawa na Kalondu. Huyu alikuwa msichana wa Kikamba wa pale Voi mjini, mpiga taipu kwenye shamba moja la mkonge, na sifa yake kubwa ni kwamba alikaa chini ya feni. Ukimkuta Jumamosi mjini alikuwa haongei jambo lingine, feni hivi, feni vile. Wakesho akajifunza taipu kwa bidii ya kutisha, akaipata kazi kwenye shamba lilelile, kwenye meza ileile, kwa sababu Kalondu alikuwa amekwisha kuhamia benki. Feni iliharibika kabla hajazoea kiti. Na kila alipopita mbele ya benki alimwona Kalondu dirishani, amevaa saa ya dhahabu, anahesabu hela za watu kwa madaha.

Posta aliingia kwa bahati tu. Walitafuta mtu wa swichibodi, msimamizi wa shamba akamtaja, naye akaenda kwa sababu alikuwa amechoka na vumbi la mkonge. Nafikiri ndiyo sababu kazi ile ilimkubali. Ilikuwa kazi ya kwanza aliyoichukua bila kumwangalia mtu mwingine.

Wale wadogo hawakuiona swichibodi. Ilikuwa kama kabati lenye matundu mengi, kila tundu na taa au kengele yake, na nyaya zenye plagi. Mtu wa Mwatate akitaka kuongea na Mombasa, ombi lake lilifika kwa Wakesho, naye akamuunganisha kwa mkono. Wakesho alikuwa fundi. Alijua sauti za watu wa wilaya nzima. Daktari alipopiga hakuhitaji kujitambulisha, na mtu mwenye msiba Wakesho alimtambua kwa jinsi alivyovuta pumzi, akampa laini kabla ya wengine. Mkuu wa ofisi, Bwana Mwanzia, alimletea msichana mpya wa kufundisha, jina lake Ndeti, mtoto wa Mkamba mmoja mwenye duka hapo mjini. Ndeti alikuja akiongea kwa sauti ya panya. Wakesho alimfundisha kuketi wima, kutabasamu kabla ya kusema halo, kungoja mteja amalize hata kama anajua anachotaka. Baada ya mwaka mmoja watu walikuwa wanawachanganya sauti.

Ila fikiria kazi hiyo kwa mtu mwenye roho kama ya Wakesho. Kila heri ya wilaya ilipitia masikioni mwake. Sheria ilikuwa usikilize kidogo, uhakikishe watu wamepatana, utoke. Wakesho alitoka. Tatizo ni kwamba habari njema husemwa mwanzoni mwa simu. Mama, nimepata kazi Nairobi. Baba, nimechaguliwa kwenda kusoma Uingereza. Akatoa sikio haraka, lakini neno lilikuwa limeshaingia, na Ndeti akamwona anapanga penseli.

Na Tryphena alipiga. Alikuwa amefuzu vizuri sana, akaongeza na ukunga, akafanya kazi Mombasa, kisha akapelekwa Taveta kuwa sista mkubwa wa wodi. Alipopiga simu alianza kwa upole wake uleule: "Dada, ni mimi." Wakesho akamjibu, "Ngoja, laini imeshikwa." Laini haikuwa imeshikwa. Alimweka tu pale, kwa muda wa kunywa chai kidogo, halafu akamuunganisha. Tryphena hakulalamika hata siku moja, na hilo nalo lilimuudhi.

Mwaka wa 1981 Bwana Mwanzia alimwita ofisini. Alikuwa mtu mpole, mwenye tabia ya kufuta miwani yake kila alipokuwa na jambo zuri la kusema.

"Wakesho, wakubwa wameniuliza habari yako. Kuna nafasi mbili. Moja ni Nairobi, kwa chuo, kufundisha wasichana wa simu. Ya pili ni kuwa mkuu wa posta Taveta."

"Taveta ni mkuu kabisa?"

"Mkuu kabisa. Lakini ukiniuliza mimi, nenda Nairobi. Taveta mpaka wa Tanzania umefungwa, simu ni chache, utakaa kugonga mihuri. Wewe kazi yako ni kufundisha. Angalia huyu Ndeti alivyokuja na alivyo sasa."

Alisema kweli, na Wakesho alijua. Usiku mwingine alikuwa akiota anafundisha darasa zima la wasichana kuketi wima. Lakini sikio lake lilikuwa limekwisha kushika neno Taveta. Taveta kulikuwa na Tryphena. Tryphena angekuja posta kuchukua barua za hospitali, angesimama kwenye foleni na watu wa kijiji cha Mata wanaokuja kutuma pesa za shule, na pale nyuma angeona mlango ulioandikwa cheo, na ndani yake dada yake. Angeona kila wiki. Wakesho alitaka kitu kimoja tu katika maisha yake, Tryphena amwone na aumie hata kidogo.

"Naenda Taveta," akasema.

Bwana Mwanzia akavaa miwani yake. "Fikiria mpaka Ijumaa."

"Nimeshafikiria."

Jumamosi alipanda Mbololo kutaswa. Tulikusanyika mahali palepale, Mzee Mwandawiro akiwa amezeeka na fimbo mkononi, maji ya miwa yakiwa kwenye birika lilelile. Tryphena alikuja kwa basi kutoka Taveta, vumbi la njia nzima kichwani, akacheka na kila mtu. Wakesho alikuwa amevaa suti ya buluu aliyoshonesha Mombasa. Wale wengine walipokuwa wakipuliza hakuwaangalia hata kidogo. Alikuwa anangoja mtu mmoja.

Tryphena akasimama na kikombe. "Nimejitafuta moyoni ndani ya basi, tangu Maktau mpaka Mwatate," akasema. "Nilidhani pengine kuna kitu kimebaki huko chini. Sikuona. Dada yangu amepata, nimefurahi. Aende salama."

Wakesho akalitazama koo la dada yake. Nawaambia, sijawahi kuona mtu akimwomba Mungu kwa macho namna ile. Alitaka lipande na kushuka. Tryphena alijaza mashavu, akageuka upande wa bonde, akapuliza, na maji yakatoka yote, kwa wingi, hata kuku wakakimbia. Watu wakapiga makofi. Wakesho alisimama pale na suti yake ya buluu kama mtu aliyepigwa kofi.

Walipokwenda jikoni kuosha vikombe nilikuwa mlangoni nikipepeta mchele, kwa hiyo haya niliyasikia mwenyewe.

"Hata kidogo?" Wakesho akauliza.

"Kidogo nini, dada?"

"Wivu. Nitakuwa mkuu wa ofisi nzima. Huoni wivu hata kidogo?"

Tryphena alisuuza kikombe kimoja, akakiinamisha juu ya meza. "Mimi nilikuwa nakuogopa. Hiyo nafasi ya wivu ningetoa wapi?"

"Unaniogopa kwa nini?"

"Ile siku nikienda Mombasa, hawa wote waligeuka kuangalia lori. Mimi sikugeuka. Nilikuona ukimeza."

Wakesho akashika ukingo wa meza. "Na hukusema?"

"Ningesema, Baba angesimamisha safari mpaka maneno yaishe. Na hayo maneno yako si ya kuisha siku moja. Ningekosa nafasi. Nikaenda hivyo hivyo. Kila mtihani nilijiambia, leo ndio leo, leo ile kitu ya Wakesho itanishika. Nikiumwa kichwa nasema ni yeye. Wenzangu wakienda kutembea, mimi nasoma, kwa sababu wao hawakuwa na mtu amewamezea. Nilipita kwa hofu yako, dada. Usidhani ilikuwa akili."

Wakesho hakujua kama aombe msamaha au yeye ndiye ashukuriwe. Alichagua kusema jambo lingine. "Basi tutaonana huko Taveta. Utakuja pale posta."

"Si nimehamishwa? Naenda Kilifi mwisho wa mwezi. Nilidhani Baba amekuambia."

Wakesho alianza kuvipanga vile vikombe. Vilikuwa vimekwisha kupangwa, akavipanga tena upya, vikubwa na vikubwa, vidogo na vidogo, huku Tryphena akimwangalia bila kumsaidia.

Kila kazi aliyoikimbilia maishani aliichagua kwa macho ya mtu mwingine, na sasa mwenye macho anahama. Angebaki na mlango wenye cheo, mihuri, na joto la Taveta. Jumatatu asubuhi, kabla hata ya kuvua kitambaa cha safari, alisimama mbele ya Bwana Mwanzia.

"Ile nafasi ya Nairobi, bwana. Nimebadilisha mawazo."

Bwana Mwanzia hakugusa miwani yake. "Nilikuambia ufikirie mpaka Ijumaa. Ijumaa waliuliza jina, nikawapa Ndeti. Wamemkubali."

Mezani kulikuwa na kidau cha wino, mihuri na bakuli la pini. Wakesho akaanza na mihuri. Bwana Mwanzia alimwacha apange mpaka akamaliza, halafu akasema kwa upole kwamba Taveta wanamngoja Jumatano.

Alikwenda kwenye swichibodi kuchukua kikombe chake na mto wake wa kiti. Ndeti alikuwa pale, amevaa gauni jipya la rangi ya machungwa, akimalizia zamu peke yake. Alisimama alipomwona, akashika bilauri ya maji kwa mikono miwili.

"Dada Wakesho, umesikia?"

"Nimesikia."

"Sisi kwetu hatuna hii mambo yenu ya kupuliza. Lakini nimezaliwa hapa Voi, najua. Mama ameniambia nisiende Nairobi bila wewe kunifanyia. Wewe ndiye ulinifundisha." Akanyoosha bilauri. "Sikupata miwa. Ni maji ya mfereji tu."

Wakesho aliipokea. Alimwangalia msichana yule anayeketi wima kwa sababu yake, anayesema halo kwa tabasamu lake, anayekwenda kukaa kwenye kiti ambacho kilikuwa chake wiki iliyopita. Sitaki kuwadanganya kwamba wivu ulimwacha kwa sababu ya maneno ya jikoni. Haukumwacha. Ndeti mwenyewe ameniambia kwamba pua ilipanuka mpaka akaogopa. Alisema, "Sina neno na wewe," kwa sauti ile nzuri ya simu, akachukua funda, na koo lake tayari lilijua njia.

Lakini Ndeti hakuwa na lori la kugeukia. Alikuwa anamtazama palepale kooni, kama vile Tryphena alivyomtazama, na hofu imeshaanza kumwingia machoni. Wakesho aliiona. Akayarudisha yale maji kwenye bilauri, polepole, bila adabu yoyote.

"Nimesema uongo," akasema. "Ninalo neno. Hiyo nafasi ilikuwa yangu, nikaikataa kwa upumbavu wangu, na sasa nakuonea wivu. Gauni lako pia naliona. Utafundisha vile nilivyokufundisha, na watasema ni wewe. Nimesema yote."

Akachukua funda, akapuliza kwa nguvu zote za kifua chake. Hakukumbuka kugeuka pembeni. Maji yalimpiga Ndeti usoni na kuliloanisha gauni la machungwa kutoka kifuani mpaka magotini. Kengele ya swichibodi ililia, na hakuna aliyeijibu.

Ndeti akafuta macho kwa kiganja. "Imetoka?" akauliza.

Wakesho alijisikiliza. Kisha akamrudishia bilauri.

"Bado," akasema. "Lete maji mengine."